Mama Alivyofuturu kwa Wathai

Nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kithai, ghorofa ya nne, kwenye uchochoro ulio nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda. Watu wa nyumbani wakisikia ninasoma Guangzhou huniuliza kama nimeshazoea chakula cha Wachina. Sijakizoea, kwa sababu sikili. Ninakula chakula cha Kithai, tena bila kuchagua, kama mtoto aliyepelekwa kwa ndugu.

Mwenye nyumba kila mtu humwita Shangazi, kwa Kichina, na mimi nikafuata. Anawapikia Wathai wenzake wanaokuja kununua vitambaa. Oda zinaingia kwenye simu asubuhi, na mchana anashuka ngazi na mifuko ya chakula kila mkono. Jikoni ana kinu cha udongo cha kutwangia papai bichi, pilipili, ndimu na kamba wakavu. Ana mchuzi wa nazi wenye mchaichai ambao ukifumba macho utadhani uko Tanga, mpaka harufu ya maji ya samaki waliovundikwa ikupige puani. Embe bichi wanalila kwa chumvi na pilipili, na hapo hatukuhitaji mkalimani. Siku ya kwanza mezani nilijipakulia kila kitu kwa mpigo, kilima kizima, kama mtu aliyeko kwenye shughuli. Wao huchota kijiko kimoja kimoja kutoka katikati.

"Taratibu," Shangazi alisema. "Samaki ameshakufa, hakimbii."

Kichina chetu sote wawili ni cha sokoni, ndiyo maana tunaelewana.

Mimi ni mtu wa maswali. Nimekuwa hivyo tangu shule, na chuo kikaniharibu zaidi. Kwa hiyo haikupita wiki kabla sijauliza habari za sanamu. Kwenye rafu karibu na mlango wa jikoni amekaa mwanamke mdogo wa rangi ya dhahabu, amepiga magoti, mkono mmoja ameuinua na vidole vimeelekea chini, vile vile tunavyomwita mtu kwetu: njoo. Shangazi humwita Bibi, na kazi yake ni kuvuta wateja. Kila asubuhi Shangazi humwekea chupa ya soda nyekundu iliyofunguliwa, na mrija ndani yake, ndizi mbili, na shada la asmini, kisha huwasha kijiti cha ubani na kumwomba biashara.

"Anakunywa kweli?" niliuliza. "Mbona haipungui?"

"Unauliza kama polisi."

"Nataka kujua tu."

"Mwenye maswali mengi ana njaa. Kaa ule."

Nilicheka, naye akacheka. Moyoni nilimhurumia kidogo, kama ninavyowahurumia watu wote wanaoamini. Nikijitazama leo, huruma hiyo ndiyo inayonitia aibu.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimempigia mama yangu simu kumwambia kwamba nimeacha kuswali. Hakuwa ameniuliza. Nilimwambia kwa sababu niliona kumnyamazia ni kumdanganya, na mimi nilikuwa nimejiapiza kutomdanganya mtu yeyote ili apate raha. Yeye akaniuliza kama ninakula vizuri.

Mama ana duka la vitambaa Kariakoo. Siku zote alikuwa akiagiza mzigo kupitia watu, lakini safari hii akasema atakuja mwenyewe, aone soko na amwone mtoto. Nilimpokea uwanja wa ndege wa Baiyun. Sanduku lake lilikuwa na chakula kingi kuliko nguo, kwa sababu aliambiwa huku watu wanakula kila kinachotambaa. Shangazi, kwa upande wake, alikuwa amenunua sufuria mpya kwa ajili ya mama, kwa vile zile nyingine hupikia nguruwe wa wateja. Aliiacha ndani ya nailoni ya dukani ili mama ajionee mwenyewe kwamba haijaguswa. Mama aliitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema, "Huyu ana adabu."

Siku ya tatu mama akaamka na kufunga. Alikuwa na siku zake za Ramadhani za kulipa. Nikamwambia dini yake yenyewe inamruhusu msafiri kula.

"Msafiri ni aliye njiani," akanijibu. "Mimi nimeshafika. Nina kitanda, nina sufuria. Na wewe usiyeswali usinifundishe."

Akaenda Zhongda peke yake, kwa miguu, na ufunguo wangu mfukoni. Mimi nikaenda darasani. Kusema kweli nilisahau kama amefunga.

Niliporudi, magharibi ilikuwa imeshapita. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake sebuleni, ametoka kuswali, uso umetulia. Shingoni alikuwa amevaa shada la asmini. Pembeni yake palikuwa na maganda ya ndizi mbili yaliyokunjwa vizuri, na chupa tupu yenye mrija.

"Njoo, njoo," akasema. "Kwa nini hukuniambia kwamba umewaeleza nimefunga? Nimeingia hapa koo limekauka, mwenye duka mmoja, laobani wao, amenizungusha mchana kutwa, kila kitambaa ananiambia meiyo, meiyo, eti hana, kumbe anacho. Maji ya bomba naogopa, ya chupa ya chai yanaunguza. Simu ikaadhini. Nikatazama hivi, nikaona wamenitandikia futari! Soda imeshafunguliwa, mrija tayari. Mpaka asmini, mwanangu. Nani huku angejua habari za asmini? Na kale kasanamu kao kananiita, karibu mama, karibu."

Alikuwa ameona paka wa plastiki wanaopunga mkono kwenye kila duka la Guangzhou. Kwake mwanamke wa dhahabu alikuwa pambo lingine la dukani. Na soda iliyofunguliwa, kwa mtu wa Dar es Salaam, inamngoja mgeni, si mwingine.

Nilitaka kucheka. Hapo hapo mlango ukafunguka, Shangazi akaingia na mifuko yake mitupu.

Aliitazama rafu. Akatazama chupa, halafu shingo ya mama. Mama akainuka, akamshika mikono yote miwili, akaanza kumwombea dua kwa Kiswahili na Kiarabu. Mungu amzidishie, amfungulie riziki, amlipe kwa kumfuturisha mja wake. Maua yalikuwa yakipondeka kati yao. Nilimwonea mama yangu aibu, na neno hilo silitafutii jingine la kulilainisha. Niliona kilemba chake cha safari, sauti yake kubwa, shada lile shingoni, nikatamani asiwe wangu.

"Mama yako amekunywa ya Bibi?" Shangazi aliniuliza polepole.

"Ndiyo. Hakujua."

Shangazi akaunganisha viganja mbele ya sanamu na kunong'ona maneno mawili matatu. Alipogeuka alikuwa anatabasamu. "Mwambie si neno. Bibi alishakunywa tangu asubuhi. Kinachobaki ni cha watu. Ni baraka."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nina hakika hakuna swali nililowahi kuulizwa lililokuwa jepesi zaidi. Mimi siamini kwamba Bibi anakunywa, wala siamini kwamba soda inabadilika ikiwekwa mbele ya sanamu. Kwangu yalikuwa maji, sukari na rangi. Lakini kwa mama kilichotolewa kwa sanamu hakiliwi, hata kwa njaa ya kufa, naye alikuwa amekifuturia, akakishukuru na kukivaa. Maneno yale yale ya Shangazi ya kumfariji yangemchoma kama pasi.

"Anasema ni baraka," nikajibu.

Mama akanyanyua mikono, amina. Shangazi akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Baadaye nilijipa sababu nzuri nzuri. Nilijiambia ni huruma, na kwamba mama ni mtu mzima asiyestahili kusumbuliwa kwa jambo lisilo na maana. Lakini nakumbuka vizuri: nilichotaka ni tukio lile liishe upesi, mama avue lile shada.

Uongo wa kwanza ulidai wa pili. Kesho yake asubuhi Shangazi angeweka soda nyingine, na mama alikuwa anaendelea kufunga. Nikamwomba Shangazi amhamishie Bibi chumbani kwake, nikadai moshi wa ubani unambana mama kifua. Hakuhoji. Alimbeba sanamu kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto aliyelala, akampeleka. Nikawa ninanunua soda nyekundu na kuiweka mezani kabla ya magharibi, na mama akawa anafuturu huku akiisifia adabu ya Wathai. Oda za Shangazi zilipungua siku hizo. Alisema ni mvua.

Ijumaa mama alitaka pilau. Tukaenda barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye mkahawa ambamo wafanyabiashara wetu hula baada ya swala. Tuliketi meza moja na kaka mmoja wa Unguja anayesafirisha mizigo ya watu kwa meli. Zamani, kabla ya Guangzhou, alikuwa akinunua nguo Bangkok. Mama, akifurahi kupata wa kumsikiliza kwa Kiswahili, akaanza kusimulia futari yake.

"Soda gani, mama'angu?" yule kaka akauliza.

"Nyekundu."

"Ina mrija?"

"Ina mrija, nakwambia. Wameshaitayarisha."

"Na shada la asmini."

"Na ndizi."

Kaka akaweka kijiko chini, akainua mkono na kuinamisha vidole. "Na hapo palikuwa na kibibi anaita hivi?"

"Ehee! Ananikaribisha."

Kicheko kikamtoka mpaka akapaliwa. "Lahaula! Mama'angu, umefuturia tambiko! Ile ni sadaka ya sanamu, ndiye mungu wao wa biashara yule! Na shada ukalivaa?"

Wa meza ya nyuma waligeuka. Mmoja akasema, "Basi mzigo wa mama mwaka huu utauzika huo!" na wote wakaangua kicheko. Yule wa Unguja ndiye aliyenyamaza wa kwanza, alipouona uso wa mama. "Niwie radhi, mama. Sikukusudia."

Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulijua?"

Ningeweza kukana. Nililifikiria hilo, na nimeliandika hapa ili lijulikane.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoingia nikakukuta."

Akanawa mikono. Pilau yake ikabaki. Tukatoka katikati ya wale watu waliokuwa sasa wakitazama sahani zao.

Kwenye treni ya chini ya ardhi tulikaa karibu na mlango. Aliposema, alisema bila hasira, akitazama mlango.

"Mimi sikujua, na asiyejua, Mungu hamhesabii. Ningesukutua, ningetubu, ningelala. Ungeniuliza ningekwambia. Si wewe unauliza kila kitu?"

Treni ikasimama; akangoja mlango ufungwe, akaendelea.

"Uliponiambia huswali, nililia. Lakini niliwaambia mama zako wadogo: mwanangu amepotea, ila uongo hasemi. Nilikuwa natamba kwa hilo." Akavuta mtandio wake. "Leo watu wazima wamenicheka kwa kitu ambacho mtoto wangu alikuwa anakijua. Umenifanya mjinga, mama."

Aliniita mama, kama anavyoniita nikiwa mgonjwa, na hapo ndipo nilipoinamisha kichwa.

Tulimkuta Shangazi jikoni anatwanga. Mama hakuvua hata mtandio. Alisimama mlangoni mwa jiko, akaniweka katikati yao.

"Tafsiri," akasema. "Neno kwa neno, usipunguze. Mwambie nilichukua kitu kisicho changu. Soda, ndizi na maua. Mwambie sikujua."

Nikatafsiri. Shangazi akaacha mchi, akataka kusema si neno, lakini mama aliinua kiganja.

"Mwambie dini yangu hainiruhusu kunywa kilichopewa sanamu. Simdharau yeye. Sufuria aliyoninunulia sitaisahau."

Nikatafsiri.

"Na ile rafu tupu, ni mimi niliyemsumbua mpaka akaihamisha ibada yake?"

"Hapana, mama. Hilo ni mimi. Nilimwambia ubani unakubana kifua."

Mama alifumba macho kidogo. "Basi mwambie na hilo. Mwambie sina ugonjwa wa kifua. Mwambie mwanangu alinidanganya."

Neno la kudanganya kwa Kichina ninalijua vizuri. Ni la kwanza mtu analojifunza sokoni, na nimeshawapigia wenye maduka wengi kelele nalo. Sikuwahi kulitamka huku nikijielekezea kidole. Nililisema chini chini, nikalisema tena kwa sauti.

Shangazi alifuta mikono kwenye aproni yake. Hakutabasamu. Alitazama rafu iliyokuwa tupu, akanitazama mimi, akaniuliza swali fupi.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anauliza," nikasema, "kama siku ile nilipomwambia kwamba nimekutafsiria maneno yake yote, na yeye nilimdanganya."

"Mjibu," mama akasema.