Siku Redio Ilipomzika Mama

Mashine ya matangazo ilizimika asubuhi umeme ulipokatika, haikuwaka yenyewe uliporudi, na fundi wetu alikuwa amevuka mpaka kwenda harusini Karonga. Redio yetu ni ndogo, vyumba viwili tu pale Bondeni, lakini ikifika saa ya matangazo ya vifo Kyela nzima hutega sikio. Kwetu huwezi kukosa misiba ya wenzako halafu utegemee waje kwenye wako. Aliyekuwa amefundishwa kuwasha seva ya hifadhidata, yanakokaa matangazo yote, nilikuwa mimi, mpokea matangazo, basi nikaitwa.

Uvivu wa kuandika amri ndefu ninao. Mashine ile ya Unix, inayoendeshwa kwa amri za kuandika, hukumbuka kila ulichowahi kuiambia, kwa hiyo nilibonyeza kitufe cha mshale mpaka ikaja amri ya kuwasha, nikaikubali. Ikajibu kwamba seva imewaka. Mimi si mtu wa kuamini neno la kwanza. Nikaitaka inionyeshe programu zinazofanya kazi, nikaiona seva imo. Nikauliza kama inapokea maombi, ikasema inapokea. Nikamwambia mtangazaji wetu mpya, mwenyeji wa Matema, "Kaka, soma, mambo yako tayari."

Akasoma. Tangazo la kwanza lilikuwa la kifo cha mama yangu.

Jina lake lote, kijiji chake Talatala, kwamba amefariki ghafla na mazishi ni kesho. Mtangazaji hakumjua mama, kwa hiyo sauti ilitoka kwenye spika tulivu kabisa, kama anasoma bei ya mchele. Asubuhi ile nilimwacha kwenye kigoda anapasua kokoa, akinisema kwamba nimekonda. Amekufa saa ngapi? Na nani ameleta tangazo hapa bila kupita kwangu?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kwenye kiti. Nikaiuliza seva inasoma data kutoka folda gani. Ikajibu: mazoezi.

Hasira zilinipanda. Mwalimu aliyekuja kutufundisha aliniomba jina la mwanamke na la kijiji, nami nikampa la mama kwa kuwa ndilo lililonijia mdomoni. Sikujua analitungia kifo. Kwetu mtu mzima mwenye uhai hasemwi amekufa hata kwa mzaha, lakini yeye alitoka mbali, alitaka tangazo la mfano tu. Na amri niliyoikubali ilikuwa ya siku zile za mafunzo. Nikaizima seva, nikaiwasha kwenye folda ya kweli, na safari hii sikuuliza kama inafanya kazi. Niliyasoma matangazo ya leo, moja baada ya jingine. Mtangazaji aliomba radhi hewani mpaka sauti ikamkauka.

Radhi haikimbii kama msiba. Nilipofika Talatala kwa bodaboda, vilio vilisikika tangu barabarani. Wanawake walikuwa wamekuja na mikungu ya ndizi na mchele, wanajitupa chini uani, na mama amesimama katikati yao na mikono iliyojaa ute wa kokoa, anawainua mmoja mmoja. "Ugonile," anawasalimu, na wao wanazidi kulia. Bibi mmoja alinishika mkono akasema, "Lisemwalo lipo, mwanangu, kama halipo linakuja." Nilitamani kumfukuza.

Mama hakufukuza mtu. Aliagiza ndizi zimenywe na mchele upikwe, watu wakala msiba wake naye akiwapakulia. "Ndaga, ndaga fijo," aliwashukuru wote, na alicheka sana. Walipoondoka tukabaki wawili tunaosha masufuria. Akaniuliza nilijuaje kwamba ni uongo.

"Niliangalia kwenye mashine, mama."

"Kabla ya kunipigia?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Nikaendelea kusugua sufuria.

"Shangazi yako amenililia kutoka mtoni mpaka hapa, miguu peku," alisema. "Wewe, kujua kama mama yako yu hai, ukaenda kuiuliza mashine."

Akanipokonya sufuria, akaliosha mwenyewe.