Mama Mmoja, Tarehe Moja

Kazi yangu hapa Bukavu ilinitia kiburi, nakubali. Wengine walitengeneza fomu za simu moja moja. Mimi nilichora modeli tu: mtoto ni nani, mama ni nani, wanahusianaje. Programu ilisoma mchoro wangu na kuzaa fomu za vituo vyote vya afya. Ukigeuza mstari mmoja, fomu zote zinageuka. Nilijiona fundi kweli.

Shida yetu ilikuwa mtandao. Ukikatika, wauguzi walibonyeza tena na mtoto akaingia mara mbili. Nikaweka sharti: mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, basi ni mtoto yuleyule; wa pili asikubaliwe. Na mimi nimezaliwa nyuma ya mapacha! Mama yetu alikata hata ndizi katikati, kwa kuwa kwetu pacha hapewi kitu mwenzake akakosa. Sijui akili yangu ilikuwa wapi siku ile.

Baada ya wiki kadhaa mkuu wangu alinionyesha mtoto mmoja wa upande wa Nyangezi: anapokea pakiti za karanga za kutibu utapiamlo kila wiki, uzito hauongezeki.

"Ule mama anaziuzisha ku soko," alisema. "Uende umuone."

Nilimkuta kituoni, mtoto mgongoni. Nilimuuliza kwa ukali pakiti zinakwenda wapi. Aibu ya sauti ile ninayo mpaka leo.

"Papa, banatupatia ya mutoto moja tu. Nilisema biko bawili, infirmière, muuguzi wa hapa, akasema mashine inakataa. Sasa nimupe moja, mwenzake anaangalia? Haifanyikake. Nilikuwa nazikata katikati."

"Na mwenzake iko wapi?"

"Tulimuzika wiki yenye ilipita."

Nilikaa kwenye benchi, nikafungua kompyuta. Nilifuta sharti langu, mstari mmoja tu, na kwa dakika chache fomu zote zikageuka. Nilitaka angalau kifo kiandikwe. Lakini fomu ya kifo ilidai namba ya mtoto, na pacha aliyekufa hakuwahi kupewa. Ilibidi kwanza nimwandikishe kama mtoto aliye hai.

Mama akanitajia jina, kisha tarehe. Swali lililofuata kwenye fomu lilikuwa uzito wa mtoto leo. Mama alikuwa ameketi kando yangu, akingoja nimuulize.