Jicho la Kulia la Direkta

Kila asubuhi, kabla ya kugusa chai, Atumani alibana lupu kwenye jicho lake la kulia, ile lenzi nyeusi ya mafundi saa, akainama juu ya kinyonga wake na kumkagua macho. Alianza na la kushoto, akamaliza na la kulia. Aliangalia kama limetuna vizuri, kama linazunguka, kama hakuna unyevu pembeni. Kisha alipitisha kidole kwa nyuma, taratibu, aone ni jicho lipi litakalotangulia kukifuata. Khadidja, binti wa marehemu mdogo wake, alikuwa ameshazoea kukifunika kikombe cha chai kwa kisahani mpaka ukaguzi uishe.

Kinyonga aliitwa Direkta, yaani mkurugenzi. Jina alilipewa na Sijaona, mke wa Atumani. "Muone anavyotembea," alisema siku ya kwanza, "kama mutu mwenye uhakika wa mushahara." Alimtoa kwenye ua wa rafiki yake huko Gihosha na kumshusha mpaka Bwiza ndani ya kikapu cha mboga, na kwa wiki mbili nzima majirani hawakukanyaga mlangoni pao. Mjini Bujumbura wengi hawamgusi kinyonga. Wapo ambao wakimkuta njiani hughairi safari. Sijaona aliwacheka wote.

Mwaka 1994 guruneti lililotupwa kwenye baa ya jirani lilimkuta Sijaona akipita na mkate mkononi. Atumani alizika kile alichokabidhiwa ndani ya blanketi. Tangu siku hiyo Direkta alihamia chumbani, kwenye mlimau mdogo uliopandwa ndani ya debe, na mchana akafuatana na fundi mpaka kibandani kwake; hakuna aliyemuuliza fundi kwa nini.

Machi ya mwaka uliofuata vita viliingia Bwiza kwa miguu. Vijana wa Kitutsi wa mtaa walitangaza ville morte, mji mfu: barabara zikafungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, na aliyefungua duka au kukatiza barabara alilipa kwa mwili wake. Siku ya kwanza walimtoa Hyacinthe, karani wa posta, nyumba ya pili kutoka kwa Atumani. Hyacinthe alikuwa Mhutu, na wakati huo sababu nyingine haikuhitajika. Atumani alichungulia kwenye ufa wa mlango akaona jirani yake akivutwa kwa tai ya kazini, akaona panga likipanda na kushuka mara tatu, akaona mguu mmoja ukiendelea kukwaruza vumbi baada ya mengine yote kutulia. Maiti ilibaki mtaroni siku mbili. Mbwa walikuja. Nyumba ya Hyacinthe ilichomwa, na bati zake zikapasuka kwa moto, mlio mmoja baada ya mwingine, hata Khadidja akawa hajui tena ipi ni bati na ipi ni bunduki.

Atumani alipigilia mbao kwenye dirisha la mbele, akaziba la nyuma kwa godoro. Saa za wateja alikuwa amezihamisha kutoka kibanda chake cha Quartier Asiatique kabla hakijavunjwa, naye akaketi kwenye meza chumbani, mshumaa ubavuni, akifungua saa na kuosha magurudumu yake madogo ndani ya kikombe cha benzini, kama alivyofanya miaka thelathini. Debe la mlimau alilisogeza karibu na meza, mbali na risasi. Khadidja alikaa upande wa pili na kitabu. Chuoni hakuwa ameenda tangu basi la wanafunzi lipigwe mawe.

Siku ya tatu, kwenye ukaguzi wa asubuhi, Direkta alikuwa amefumba macho yote mawili.

Kinyonga mzima hafumbi macho mchana. Atumani alijua hivyo kama alivyojua kwamba saa nzima haikai kimya. Alipitisha kidole, hakuna jicho lililokifuata. Alimwachia nzi kwenye jani mbele ya pua. Direkta akafumbua la kushoto nusu, akarusha ulimi, akapiga jani, akafumba tena. Kisha akalisugua la kulia kwenye tawi, mtu angedhani anajikuna tu.

"Atakuwa ameingiwa na kioo," Atumani alisema. Siku iliyotangulia risasi ilikuwa imepasua dirisha.

Alitafuta kipande hicho cha kioo kwa lupu na kibano, pumzi ameibana. Hakukiona. Alitafuta tena mchana, akiwa amesogeza mshumaa hata ukakaribia kuunguza ngozi. Kope zilikuwa zimevimba na macho yenyewe yamebonyea, na la kulia lilikuwa na usaha wa njano kwenye tundu lake. Alimwekea maji kwenye kisahani. Direkta hakuyatazama.

"Asipoona hawezi kula," alimwambia Khadidja. "Ulimi wake unakwenda pale macho yanapoutuma. Hana njia ingine."

Khadidja alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mulilie Hyacinthe, mwanangu. Mimi sitakukataza."

"Apana, baba mukubwa. Hii si kulia. Nikikaa hapa mezani inaniwasha, nikienda jikoni inaacha. Ni benzini yako."

Atumani alikitazama kikombe. Kilikuwa wazi, kama kawaida. Katika kibanda cha Asiatique upepo uliingia mbele na kutoka nyuma, na katika miaka thelathini harufu ile haikumdhuru mtu. Hapa alikuwa amepigilia mbao, ameziba kwa godoro, amewafungia wote humo pamoja na kikombe, kisha akalivuta debe la mlimau mpaka likakigusa. Siku tatu nzima, kwa ajili ya usalama.

Alikitoa kikombe uani na kukimwaga. Akaling'oa godoro dirishani huku risasi zikilia upande wa sokoni.

"Baba mukubwa, watatuona."

"Watuone. Tunakufa humu ndani, tumejifunga wenyewe."

Waliliweka debe kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma, na Atumani akatoboa kopo kwa sindano, akalining'iniza juu ya mlimau, maji yakawa yanadondoka tone kwa tone juu ya majani. Alikuwa amekumbuka kwamba Sijaona hakuwahi kumwekea Direkta kisahani. Alikuwa akinyunyiza majani. Jioni Direkta alilamba matone. Kesho yake jicho la kushoto lilifumbuka. La kulia lilibaki limefungwa, limevimba, usaha umegandia kope. Lakini Atumani alipoweka lupu aliona kitu kinasogea chini ya ngozi: jicho lilikuwa lingali linazunguka, likitafuta.

"Naenda kwa Médiatrice," alisema.

Médiatrice alikuwa muuguzi, aliyebaki peke yake kwenye zahanati ndogo barabara nne kutoka pale. Khadidja alisimama mlangoni. Hakuwa msichana wa kubishana na wakubwa; alisimama tu, mikono imeshika fremu pande zote mbili.

"Direkta ni ya Sijaona," Atumani alisema, na Khadidja akashusha mikono.

Alikwenda akifuata kuta. Njiani alimruka mwanamke aliyelala kifudifudi na ndoo yake, na mbele kidogo mtu ambaye hakuweza kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Zahanati ilinuka damu na dawa ya kuoshea sakafu. Médiatrice alikuwa anashona paja la kijana aliyeuma kitambaa. Alimsikiliza fundi bila kuinua kichwa.

"Kinyonga?"

"Ndiyo, mama."

"Kuna watu hapa hawana mikono, na we umeniletea kinyonga."

"Sikumuleta. Nimemuacha nyumbani."

Médiatrice alicheka kwa puani, kicheko cha mtu ambaye hajalala siku nyingi. Alikata uzi, akanawa, akafungua droo. "Jicho ni jicho. Chemsha maji na chumvi kidogo, yapoe kabisa, udondoshe mpaka usaha ulainike. Usikwangue. Kisha hii pomade ya macho, kiasi cha punje ya muchele, asubuhi na jioni, siku saba. Ukiacha katikati, usaha unarudi na jicho linaoza." Alimpa tyubu iliyokunjwa nusu. "Ndiyo iliyobaki. Inatosha jicho moja, si zaidi."

Wakati wa kurudi, kwenye kona, kulikuwa na kizuizi kipya: friji iliyoungua, mawe, vijana sita. Mmoja alikuwa na guruneti limening'inia mkandani kama funguo. Mwingine Atumani alimfahamu. Gaël. Saa ya marehemu baba yake ilikuwa mezani nyumbani kwa Atumani, imefunguliwa, inangoja springi. Mwezi uliopita Gaël alikuwa ameketi kwenye kiti cha kibandani akimshangaa Direkta, miguu ameikunja juu kwa woga.

Walimpekua. Mwenye guruneti aliinua tyubu.

"Hii ni ya nani?"

Jibu la haraka lilikuwa mdomoni: ya binti yangu, anaumwa. Atumani alilimeza. Wakisikia kuna binti, wangetaka kumwona mgonjwa. Wangekwenda mpaka nyumbani, na Khadidja alikuwa huko peke yake.

"Ya kinyonga," alisema. "Anaumwa jicho."

Walicheka wote, Gaël pia. Kisha mwenye guruneti akaacha kucheka.

"Muzee, dawa hii inapanda mulimani kwa waasi. Nani amekutuma?"

"Ya kinyonga, mwanangu. Ninaye nyumbani."

"Nani anafuga kinyonga? We ni muchawi au unatuona wajinga?"

Rungu la kwanza lilimpata begani. La pili nyuma ya goti, akaanguka juu ya mawe. Walimpiga mateke ya mbavu, kwa zamu, wakimuuliza swali lilelile, naye akajibu jibu lilelile mpaka likawa ni sauti tu. Aliona viatu. Aliona Gaël akisogea, akiwa ameshika mnyororo wa baiskeli, akiangalia wenzake kabla ya kumwangalia yeye. "Mushenzi huyu," Gaël alisema kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, akauzungusha mnyororo. Ulimkata Atumani usoni kutoka kwenye paji hadi shavuni, na ncha yake ikashika jicho la kulia na kulivuta. Alisikia kitu cha majimaji ya vuguvugu kikishuka shavuni ambacho hakikuwa damu peke yake. Fundi wa vitu vidogo hujua kitu kinapovunjika kabisa.

Mwenye guruneti alichomoa panga lililokuwa kati ya mawe.

"Muache," Gaël alisema. "Iko naye kweli, huyo kinyonga. Mi nilimuona."

"Ulimuona wapi?"

"Kwake, kule Asiatique. Ni fundi wa saa."

Mwenye guruneti alishusha panga. "Na ulinyamaza muda wote huu?"

"Mulikuwa munacheka," Gaël alisema.

Tyubu ilitupwa kifuani mwa Atumani. Alitambaa mpaka alipoweza kusimama, kiganja kimefunika uso, ngumi nyingine imeifumbata dawa.

Khadidja alipofungua mlango alitoa sauti moja fupi, kisha akamshika kwapani na kumwingiza. Maji ya chumvi alikuwa ameshayachemsha kwa ajili ya majeraha ya watu, kwa mazoea ya siku zile, nayo yalikuwa yamepoa. Alichovya kitambaa amwoshe uso.

"Ngoja," Atumani alisema. "Nipe hayo maji. Mulete huku Direkta."

Alinawa mikono mpaka maji yakawa meupe. Lupu hakuigusa, aliinama karibu kwa jicho la kushoto, damu ikimdondokea kwenye goti. Alidondosha maji ya chumvi kutoka kwenye pamba, tone, akangoja, tone, mpaka ganda la njano likalainika na kutoka lenyewe. Akakamua pomade, punje ya mchele. Direkta alikuwa mweusi kwa hasira, amefungua mdomo, akimzomea bila sauti. "Najua, baba," Atumani alimwambia. "Najua."

Baada ya hapo ndipo alipokubali kuoshwa, na baada ya kuoshwa akazimia.

Siku saba, asubuhi na jioni, dawa ilikwenda kwa Direkta. Jicho la Atumani lilipata maji ya chumvi na kitambaa. Homa ilimpanda akawa anamwita Sijaona, lakini saa ya dawa ikifika alikaa kitandani, akanyoosha mikono na kuomba tyubu. Khadidja alimpa kila mara. Siku ya nne, nje, walimchoma mtu ndani ya tairi karibu sana hata moshi ukaingia uani. Khadidja alimfunika kinyonga kwa mtandio uliolowa na kukaa hapo, mgongo ukutani, mpaka kelele zikaisha.

Siku ya nane barabara zilifunguliwa. Wanajeshi walipita wakikusanya maiti kwa lori. Gaël alikuja kuifuata saa ya baba yake, akasimama mbali na mlango, na Khadidja akampelekea kama ilivyokuwa, imefunguliwa, vipande vyake ndani ya karatasi. Gaël aliuliza itatengenezwa na nani. Khadidja akafunga mlango.

Uani, Direkta alikuwa ameketi juani, macho yote mawili yamefumbuka, moja linatazama ukuta na jingine linafuata nzi kwenye ukingo wa kopo. La kulia ndilo lililofuata nzi. La kushoto likaja kulisaidia. Ulimi ukaruka, na nzi hakuwepo tena.

Atumani alikuwa kwenye kiti, kitambaa kimefunika upande wa uso ambao sasa umebonyea. Alijua kwamba hatafungua tena saa ya mtu. Kwa jicho la kushoto springi aliiona kama unywele uliolowa. Tyubu tupu ilikuwa gotini, imekunjwa mpaka mwisho.

Khadidja alikaa chini karibu na miguu yake. Kwa siku nane hakuuliza chochote, na swali hili pia alilizungusha mdomoni kwa muda mrefu kabla ya kulitoa.

"Baba mukubwa, dawa ilikuwa ya jicho moja. Mbona hukujiwekea mwenyewe?"

Atumani alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei.

"Langu lilikuwa limekwisha kufa kule barabarani," alisema. "Lake lilikuwa lingali linazunguka."