Mfumaji Aliyecheka Matangani

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Shiro Meda, Addis Ababa. Yeshimebet Alaro anamimina rojo lililochachuka la teff, nafaka ya huko, juu ya kikaango kipana cha udongo, akizungusha mkono kutoka ukingoni hadi katikati, kisha anafunika mkate huo mpana na mwembamba, injera. Nyuma yake mumewe Shanko, miaka hamsini na minne, ameketi kwenye kitanda cha mfumi. Anafuma pindo la kijani, lile lile analofuma tangu Pasaka.

"Mzee, injera ya kwanza hiyo."

"Ina asali?"

"Haina."

"Basi kula wewe, bonge wewe."

Yeshimebet anacheka. Mwaka jana neno hilo lingemliza.

Siku njema kuuza injera humwachia faida ya birr mia nne. Ndizo zinazolisha nyumba tangu Shanko alipoanza kuwatukana wateja wa nguo zake, wakamkimbia mmoja mmoja.

Na huyu alikuwa mtu wa haya! Katika chama cha kuzikana cha mtaa, yeye ndiye aliyesimamisha hema la matanga na kubeba mabenchi begani. Mwaka ule wa kipindupindu, watu walipoogopa hata kulisogelea jeneza, Shanko alibeba. Waliobebewa wazazi wao wapo, wanajulikana kwa majina, na baadhi yao baadaye ndio waliopaza sauti afukuzwe. Mitaa husahau upesi mno.

Mabadiliko yalianza miaka mitatu iliyopita. Alianza kulamba sukari kwa kiganja. Mkewe akiugua, alimruka pale mkekani kama anaruka gunia. Kisha kaka yake Yeshimebet akafariki.

Matangani watu huzunguka sinia moja, kila mtu akila upande wake. Shanko alinyoosha mkono hadi upande wa pili, akachukua nyama iliyokuwa mbele ya mjane, akacheka. "Marehemu hali tena. Tule sisi!"

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Yeshimebet. "Nilijua ananidharau mimi na ukoo wangu wote."

Chama kikampa mwezi mmoja: aombe radhi mbele ya watu, la sivyo jina lake lifutwe. Akiombwa aombe radhi, alicheka. Na kwa watu hawa, aliyefutwa hasimamishiwi hema wala hachimbiwi kaburi. Anazikwa na mkewe na nzi.

Yeshimebet alimpeleka kwenye maji ya baraka wiki mbili. Akarudi vile vile, ila na kikohozi. Kwenye zahanati moja aliulizwa tarehe, akajibu. Akatajiwa maneno matano, akayarudia yote. "Huyu mzima," wakamwambia mkewe. "Ana kiburi tu."

Kiburi! Mpole wa miaka hamsini na moja huamkaje siku moja na kiburi, kama mtu aliyeamka na mafua? Hakuna aliyejisumbua kuuliza hivyo.

Aliyeuliza ni daktari wa ubongo, Hirut, katika hospitali ambayo mama mmoja mteja wa injera alimwelekeza. Alimketisha Shanko chumba cha pili, akamgeukia mke kwanza.

"Zamani akiona mtu analia, alifanyaje?"

"Alilia naye, hata kabla hajajua msiba ni wa nani."

"Na siku hizi?"

"Anauliza chakula kiko wapi."

Daktari alitaka kujua kila kitu: lini ilianza, sukari, matusi, kurudia jambo moja kutwa nzima. Akampima Shanko damu, kuhakikisha si ugonjwa wa tezi, upungufu wa vitamini au kaswende. Akaagiza picha ya kichwa.

"Kumbukumbu yake bado ipo, ndiyo maana watu wanadanganyika," alimweleza Yeshimebet picha ilipotoka. "Kinachonyauka ni ubongo wa mbele, unaotupa haya na huruma."

"Kwa hiyo hanichukii?"

"Hakuchukii, dada yangu. Ni ugonjwa. Dawa ya kuuponya hatuna, ila namna ya kuishi nao ipo."

Yeshimebet alilia mpaka muuguzi akamletea maji. "Alisema hauponi, nami nikatoka nimepata usingizi wa miaka mitatu," anasema. "Nilikuwa nimerudishiwa mume."

Siku ya kikao cha chama, daktari alizungumza na wanachama kwa simu. Mwenyekiti Tumoro hakukubali upesi. "Mgonjwa gani huyu anakumbuka jina la fahali wangu aliyekufa, tena ananitania nalo?"

"Kukumbuka anakumbuka, baba. Kujizuia ndiko kumemtoka."

Kisha mjane yule yule aliyenyang'anywa nyama, Batire, akasimama. "Mume wangu kachimbiwa na nani? Na huyu huyu, matusi yote hayo na koleo mkononi. Mnamfuta nani?"

Jina likabaki. Iliamuliwa matangani Shanko awe na sinia lake mwenyewe. Tumoro akamfuata Yeshimebet mlangoni. "Shemeji, tusamehe."

"Nitawasamehe mkimwekea kipande kikubwa."

Sasa Yeshimebet ana mpango wa kuvizungukia vyama vingine vya kuzikana vya mitaa jirani, avieleze: mtu mzima akibadilika tabia ghafla, apelekwe kwa daktari kwanza, na ndugu zake waulizwe, kabla ya kikao cha kumfukuza.

"Siku yake itafika, najua," anasema, akikunja injera. "Nataka hema lisimame. Na yule aliyesema afutwe, awe ndiye anayefunga kamba."