Tone la Oili Kwenye Mabomba ya Moto

Siku niliyonyamaza naikumbuka vizuri, mwanangu, hata jua lilivyokuwa limesimama juu ya gereji yetu pale Mfaranyaki. Biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, magari ya mtumba yanaingia Songea kila wiki, na sisi mafundi tuliozoea malori ya mahindi tukajikuta tunafungua boneti za ajabu ajabu.

Na mimi sikuwa fundi wa kubahatisha. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, cheti changu nimekitundika ukutani juu ya benchi la kazi, na mtu akija kuziba pancha tu, nilimsomea kwanza cheti hicho. Gari likikohoa Mbinga, mimi nilishajua ugonjwa wake nikiwa Songea!

Kisha akaja Saidi.

Alitokea Nakapanya, kijana mpole, shule yake darasa la saba. Miezi mitatu haijaisha, wateja wakifika wanasema, "Saidi yupo?" Wananiuliza mimi! Nimesimama pale na cheti changu, naulizwa habari za Saidi kana kwamba mimi ni kibao cha barabarani. Nilimwonea wivu, mwanangu, mpaka chai nikawa naiona chungu. Akicheka, naona ananicheka mimi. Akinyamaza, naona anajivuna.

Mwenye gereji, Mzee Ngonyani, macho yalikuwa yameanza kumchoka. Alitwambia wazi kwamba mahindi hayatavunwa kabla hajamkabidhi mmoja wetu ufunguo wa gereji. Tangu siku hiyo usingizi ukanihama.

Ndipo mfanyabiashara mmoja akaleta gari dogo jekundu, la milango miwili, gari la mbio. Mabomba yake ya ekzosi, yale ya kutolea moshi, yalitoka kwenye injini manne, kila moja na njia yake, kisha yakaungana chini. Yalikuwa yanawaka hayo! Ungeweka sufuria juu ya boneti, ugali ungeiva kabla hujatafuta mboga. Joto lilichemsha petroli ndani ya paipu yake, basi gari likipanda mlima linazimika, likipoa linawaka. Mzee akampa kazi Saidi, na mimi nikameza mate.

Saidi akaisogeza paipu ya petroli mbali na mabomba. Akakata bati, akaliweka katikati kukinga joto. Kisha akayafunga mabomba yote kwa utepe mweupe usioungua, mzunguko kwa mzunguko, nadhifu kama mguu uliofungwa bendeji na masista.

"Njoo uone, Profesa," akaniita. Aliniita hivyo kwa sababu ya cheti. Hakuwa na ubaya, ila mimi niliusikia.

Gereji yetu ilikuwa na desturi. Gari la mwenzako unalikagua wewe. Ukiridhika, unapiga boneti mara mbili kwa kiganja, unasema "Salama," kisha unapanda gari hilohilo kwenda kulijaribu. Bila hivyo halitoki getini.

"Bene, kagua," Mzee akaniambia.

Nikainama. Pale juu, kwenye kifuniko cha injini, gasketi ilikuwa inavuja oili. Tone moja dogo likaning'inia, likaanguka juu ya utepe mweupe, likasambaa kama wino kwenye karatasi. Nilijua maana yake. Utepe ule wenyewe hauungui, lakini hunywa oili kama utambi wa kibatari, na utambi ukishapata oili na moto, hauhitaji kuambiwa la kufanya.

Maneno matatu yangetosha: "Saidi, gasketi inavuja." Kazi ya nusu saa. Nikageuka kusema, nikamwona Mzee anamtazama Saidi kama baba anavyomtazama mwanawe wa kwanza. Nikafunga boneti. Pa! Pa!

"Salama."

Nilitaka moshi tu, mwanangu. Moshi kidogo wa kumwaibisha.

Tukashika njia ya Maposeni, Saidi kwenye usukani, Mzee pembeni yake, mimi nimekunjwa nyuma, magoti yamegusa masikio. Gari likapaa. Mlima wa kwanza halikuzimika, wa pili halikuzimika.

"Alhamdulillah! Mbona kimya, Profesa? Wewe hata kanisani hunyamazi!"

Jasho langu lingejaza debe. Harufu ikaja, kisha moshi, kisha ulimi wa moto ukachungulia pembeni mwa boneti.

"Simama!" nikapiga kelele. "Oili inadondokea kwenye utepe!"

Saidi akasimamisha gari, akaruka, akafungua boneti kwa mikono mitupu, na moto ukamrukia mikononi hadi kwenye viwiko. Wakulima waliokuwa wanapalilia mahindi wakaja mbio, wakamwaga udongo kwa majembe mpaka moto ukafa. Paipu ya petroli ilipona kwa sababu Saidi alikuwa ameisogeza. Kazi niliyoionea wivu ndiyo iliyotuokoa.

Saidi akakaa chini, mikono ameinyoosha mbele kama si yake.

"Profesa," akasema taratibu, "ulijuaje kuwa ni oili? Boneti ilikuwa imefungwa."

Mimi, msomi wa masomo ya jioni, nikageuka kutazama majembe ya wakulima.

"Bene, njoo hapa," Mzee akasema. "Piga boneti tena. Useme kama ulivyosema gerejini."

Nikapiga. Bati lilikuwa la moto, kiganja kikaniwasha. Neno halikutoka.

"Gari nitalipaka rangi," akasema Mzee. "Mikono ya huyu nitaipaka nini?"

Ufunguo alipewa Saidi. Alivishwa shingoni kwa kamba, maana vidole vilikuwa bado ndani ya bendeji. Siku hiyo nikashusha cheti changu ukutani, nikakitia kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi?" Saidi akaniuliza.

"Nyumbani."

"Kuna lori linasubiri. Mimi sina mikono, wewe una macho. Kagua."

"Bado unaniamini?"

"Wallahi, tangu leo hutanificha hata nati. Kagua, Profesa."

Nikakagua. Nikataja makosa arobaini, mpaka viatu vya dereva vilivyotoboka! Na nikaendelea kumkagulia Saidi magari yake mpaka mvi zikatuota sote wawili.

Basi, mwanangu, ukifunga mabomba ya moto, ziba kwanza kila panapovuja, upe joto njia ya kutokea, na petroli iweke mbali. Na ukimwona mwenzako anakuzidi, wivu utakuja. Mimi hadi leo nikimwona kijana anafunga utepe vizuri kuliko nilivyofunga, moyo unanichoma. Nauacha unichome, lakini nilichokiona nakisema, na nakisema kabla gari halijatoka getini.

Mungu akujalie mikono mizima, akupe wenzako wa kukuzidi, na ulimi wako usichelewe hata kwa tone moja.