Pilau Ng'ambo ya Ruvuma

Mume wangu alipohamishiwa bandari ya Mtwara, tulitoka Njombe tukaja mahali tusipomjua mtu hata mmoja. Waliotupokea ni watu wa kanisa letu la Rahaleo. Nilipojifungua, akina mama wa kanisa walinipikia uji na kunikanda kwa maji ya moto, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu mwenye huruma nyingi. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu. Nalisema hili mapema ili isidhaniwe kwamba nilikuwa na chuki naye.

Ndiye aliyepanga safari ya Msumbiji, kwenye kijiji kilichojaa familia zilizokimbia vita. Tulikuwa tumesikia kwamba watoto kule wanaugua na chakula hakuna. Kwa kuwa mimi ni nesi, niliombwa niende. Tulivuka mto pale Kilambo na magunia ya mchele, masufuria makubwa ya kanisa, na makatoni ya maziwa ya dawa niliyoyahangaikia mwenyewe.

Niliwapima watoto chini ya turubai. Wengi walikuwa wamekonda tu. Wachache walikuwa wamevimba miguu na uso, nywele zimepauka, hawalii hata ukiwachoma sindano. Hao niliwatenga. Nikawaeleza wenzangu kwamba mwili wa mtoto wa namna hiyo umezoea kukosa, na akishibishwa ghafla, moyo unaweza kusimama. Aanze na maziwa haya, kidogo kidogo, mpaka apate nguvu.

Mama alinitazama kama vile nimetukana.

"Mwanangu, tubebe mchele kutoka kwetu, halafu tuwanyime wenye njaa kuliko wote?"

"Hatuwanyimi, mama. Tunawaanzisha taratibu."

"Haya, tumekusikia."

Kati ya wale niliowatenga alikuwapo binti mdogo ambaye mama yake alimbeba mgongoni tangu kijijini kwao kulikochomwa moto. Nilimfundisha yule mzazi kumnywesha kwa kijiko. Kesho yake mtoto alilia. Nilifurahi, kwa sababu anayelia ameanza kurudi.

Siku hiyo hiyo akina mama walipika pilau. Mimi niliitwa kwenye kibanda cha jirani kumwona mjamzito mwenye homa kali. Niliporudi, yule binti alikuwa amepakatwa na mama, mwenyekiti wetu, sahani imebaki mifupa, mafuta yanameremeta kidevuni. Mama alikuwa akimlisha tonge la mwisho huku akiimba, machozi yanamtoka.

"Ameinyooshea sahani mkono mwenyewe," akaniambia. "Ningemwambia nini?"

Jioni tumbo la mtoto likajaa, pumzi zikawa fupi. Nilifanya nilichoweza kwa vitu nilivyokuwa navyo. Gari la kutufikisha hospitali halikupatikana. Kulipokucha alikuwa amekufa.

Mama yake ndiye aliyenibembeleza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kimakonde.

"Usilie, dada. Huyu angalau amekufa ameshiba. Kaka zake walikufa na njaa."

 

Tuliporudi Rahaleo, Jumapili mama alisimama kutoa ushuhuda. Alisimulia habari za mtoto aliyekwenda kwa Bwana akiwa ameshiba, na maneno ya mzazi wake akayarudia vilevile. Kanisa zima likasema amina. Ibada ilipokwisha nilimsubiri nje.

"Mama, yule mtoto aliuawa na lile pilau."

Aliirekebisha khanga begani, polepole.

"Siku yake ilikuwa imefika. Usinitwishe mzigo huo, mwanangu."

Nyumbani mume wangu alinisihi nisiliendeleze. "Sisi hapa ni wageni. Hawa ndio ndugu tulio nao. Ukigombana nao, nani atakuja tukifiwa?" Nilimkasirikia, maana alikuwa anasema kweli.

Safari iliyofuata hawakuniita. Niliyatafuta tena yale maziwa, nikampelekea mama nyumbani kwake Chuno, nikamweleza upya namna ya kuyatumia. Alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha chai na mihogo ya kukaanga. Waliporudi, nilimuuliza kama yaliwasaidia watoto.

"Hawakuyapenda," akasema. "Tukaona yasiharibike bure, tukayatia kwenye chai yetu."