Mizani ya Baba Ciku

Tangu astaafu kiwandani Thika, Kagwe alikuwa na ugomvi mmoja tu: ni moringa gani inayotoa majani mengi zaidi. Shambani kwake Kalimoni alipanda aina mbili za miti hiyo, mirefu na mifupi, na kila Jumamosi akachuma na kupima. Mirefu ilikua kwa fujo, lakini mizani ikaipa mifupi ushindi.

"Urefu wa bure!" akafoka, akachukua panga.

Mkewe akamzuia mlangoni, sufuria ya mukimo, viazi vilivyopondwa na majani, mkononi.

"Baba Ciku, wacha hiyo mirefu. Majani yake huwa nayachuma mimi kwa mukimo wako, kabla hujaamka."

"Na mbona usichume kwa mifupi?"

"Nilichuma siku moja, ukaonja, ukasukuma sahani. Mizani yako haina ulimi."